Nahamia Unguja Januari. Niwaage wanafunzi wangu au niondoke kimya?

Assalamu alaykum Bi Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kaskazini Pemba, umri wangu miaka 34. Nasomesha Kiswahili na ni mwalimu wa darasa wa kidato cha tatu. Mume wangu anafanya kazi Unguja, na tumeishi hivi, yeye kule na mimi huku, tangu mtoto wetu wa kwanza hajaota meno. Uhamisho nimeuomba mpaka nikachoka kuuomba. Mwezi uliopita barua imetoka: Januari niripoti skuli moja ya mjini Unguja. Nilipoifungua nilipiga kigelegele jikoni peke yangu. Usiku wake sikulala, maana nilimkumbuka Z.

Kwanza nikueleze darasa langu. Tangu mwaka ulipoanza nina mazoea mawili. Asubuhi nasimama mlangoni, kila anayeingia namtaja jina lake na kumuuliza kaamkaje. Na kila Alhamisi kipindi changu nakimaliza mapema kidogo, kila mmoja aandike ukurasa wa nyuma wa daftari jambo lolote alilonalo. Nasoma mimi tu, wala sisahihishi. Wenzangu ofisini hunicheka, wanasema nawadekeza. Lakini utoro umepungua. Wavulana ambao zamani karafuu zikianza kuchumwa hatuwaoni tena mpaka mwaka mpya, mwaka huu wengine wanaingia darasani vidole vinanuka karafuu, wamechelewa, lakini wamekuja.

Z. ni msichana wa miaka 16. Mama yake yuko Omani, anafanya kazi za ndani, huu mwaka wa tatu. Baba ameoa kwengine na hana habari naye. Anaishi na bibi yake mzaa mama. Mwaka jana tulipofunga skuli alikuwa mzima. Januari alirudi amekonda, hasemi na mtu, akajitenga dawati la nyuma kabisa. Siku alizokosa kuja, mwenzake M. ndiye aliyemnakilia masomo; mpaka leo ukifungua daftari la Z. utakuta kurasa nzima zina hati ya M. Ilichukua muda mrefu mpaka akaanza kunijibu pale mlangoni. Siku hizi yeye ndiye anayekusanya madaftari ya Alhamisi.

Bibi yake alikuja kwenye mkutano wa wazazi kwa miguu kutoka kijijini kwao, viatu kavishika mkononi kwa tope la njia, akaniambia, "Mwalimu, mtoto huyu kwako ndiko anakocheka." Mama naye kila Ijumaa hutuma sauti kwa WhatsApp kwenye simu ya jirani, maana bibi ana kitochi tu. Z. haendi kuzisikiliza. Anasema zinamtia uchungu.

Juzi Alhamisi aliandika hivi: "Likizo ndefu sana mwalimu. Sijui mwaka huu nitaiweza." Nami nikamwandikia chini yake "Inshaallah", basi.

Mwalimu mkuu amenitaka nisiseme lolote. Anasema nitawavuruga na mitihani ya mwisho wa mwaka, na hawa mwakani ndio kidato cha nne; wakirudi wakinikosa watazoea. Mume wangu anasema, "Unakuja kwa mumeo, hujaua mtu." Nimefika hata kuwaza nimuombe bibi nimchukue Z., nihame naye, akamalizie masomo Unguja nyumbani kwangu. Mume wangu nilipomwambia hakukataa, ila alisema tu kwamba mtoto wa watu ni amana, akageuza mazungumzo.

Mimi ndiye mtu pekee aliyebaki kwake. Nifanye nini, Bi Mshauri? Niwaambie darasa zima, nimwambie yeye kwanza, nimpe namba yangu ya simu, nimchukue, au niondoke kimya kama ninavyotakiwa?

Mwalimu, Kaskazini Pemba
(Jina na skuli tumevihifadhi.)

*

Wa alaykum salaam Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kama mshauri na mara ya pili kama mtu aliyewahi kukaa kwenye dawati la skuli. Wengi wetu tunamkumbuka mwalimu aliyeondoka bila neno, na wengi wetu hatujui mpaka leo aliondokaje.

Kwa nilivyokuelewa, una mambo matatu uliyoyafunga kwenye furushi moja. Kuna darasa lako, ambalo litarudi Januari na kuingia mwaka wake mzito bila ya wewe mlangoni. Kuna Z., anayeiogopa likizo. Na kuna wewe, uliyepiga kigelegele kisha ukajiona umefanya khiyana. Hili la tatu hukuniuliza, lakini nitaligusa mwisho, kwa sababu naona ndilo linaloyavuta mawili yale mengine.

Nianze na sentensi moja uliyoiandika bila ya kusita: "Mimi ndiye mtu pekee aliyebaki kwake." Hebu rudi kwenye barua yako mwenyewe. Ndani yake yumo bibi aliyetembea kwenye tope na viatu mkononi kwa ajili ya mtoto huyu. Yumo M., ambaye hakuna aliyemtuma, akakaa akanakili kurasa kwa kurasa. Na yumo mama ambaye kila Ijumaa, baada ya kazi za nyumba ya watu, anatafuta nafasi ya kumsemesha mwanawe, na mwanawe haendi. Sisemi kwamba watu hawa wanatosha. Bibi amechoka, M. naye ni mtoto, mama yuko mbali. Ila mtu akiamini kwamba ni yeye peke yake, hutafuta suluhisho linaloanzia kwake na kuishia kwake. Nadhani wazo la kumchukua Z. limezaliwa hapo.

Jengine ni tarehe, nayo nakuomba uipe uzito. Z. alirudi amekonda Januari iliyopita, wakati wewe hukuwa unahama. Aliandika "likizo ndefu" juzi, na habari ya uhamisho hana. Kwa hiyo anachokiogopa kipo, ukihama au usihame. Ni kitu gani? Barua yako inachukulia kuwa ni upweke. Huenda ndivyo. Lakini likizo inaweza kuwa ndefu kwa sababu nyingi: kazi za ndani na za shamba zinazomwangukia yeye peke yake bibi akiwa hajiwezi, chakula kupungua, sikukuu na harusi ambazo wenzake wanakwenda na mama zao, au mtu fulani anayeingia nyumbani mwao ambaye skuli ikiwa wazi humkwepa. Kila moja kati ya haya ina dawa yake, na kumpa namba yako ya simu hakutoshi kuwa dawa ya hilo la mwisho.

Basi kabla ya kuamua chochote juu ya kuaga, liko swali ambalo bado hujamuuliza, ukamjibu "Inshaallah" badala yake. Sikulaumu, sote tunayo Inshaallah ya kukimbilia neno likiwa zito. Muulize mkiwa mmekaa mahali pa wazi, watu wanawaona lakini hawawasikii, labda barazani wenzake wakisubiri gari: "Uliniandikia likizo ndefu. Siku ya likizo kwenu huendaje, tangu unapoamka?" Mwache aisimulie siku yenyewe, usimuulize kama ana huzuni. Mtoto mkimya hulijibu swali la siku kwa urahisi kuliko swali la moyo, na ndani ya siku hiyo utasikia saa ipi inayomlemea.

Wala usimuahidi siri kabla hajasema. Mwambie kuwa utamsikiliza, na ikiwa yupo anayemuumiza itabidi mtafute msaada, na yeye atajua kila hatua. Ana miaka 16. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamhesabu mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Ukisikia habari ya kuumizwa au kuchezewa, vipo vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, Chake Chake kikiwemo, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana pamoja ili mtoto asizungushwe ofisi kwa ofisi. Ukisikia maneno ya kuchoka kuishi, au akiwa hapati usingizi wala hali chakula, usisubiri skuli ifungwe: mwambie mtu mzima wa nyumbani unayemwamini siku hiyohiyo, mfikishe hospitali. Na ipo Simu ya Huduma kwa Mtoto, namba 116, isiyo na malipo, ambayo anaweza kupiga yeye au wewe. Namba hiyo, kwa maoni yangu, iandike ubaoni darasa zima waione, asijihisi ameandikiwa yeye.

Sasa kuaga. Mwalimu mkuu wako si mtu mbaya. Mitihani ipo, na ukiwaambia leo kuwa unaondoka, kuna watakaolia na kuna watakaosema basi hakuna haja ya kuja. Hofu yake ina msingi. Ila na mimi niulize: una hakika hawajui? Skuli zetu ni ndogo. Barua ya uhamisho hupita mikononi mwa watu, walimu husemeshana kwenye gari, na Pemba mtu akianza kuuza kitanda chake kijiji kizima kinajua anakwenda wapi. Wewe unachagua kati ya wao kusikia kwako na wao kusikia kwa konda. Mtoto ambaye mama yake alisafiri, na sijui kama aliagwa vizuri au aliamka akamkosa, akisikia hivyo kwa konda ataielewa kwa njia yake.

Unaweza kuwaambia mapema, kabla ya mitihani. Faida yake ni kuwa unapata wiki za kulizungumza, na zile Alhamisi zilizobaki zinakuwa na kazi maalumu. Hasara yake umeshaisikia kutoka kwa mkuu wako, na kumpuuza kunaweza kukuharibia hata wewe unapoondoka.

Unaweza kungoja mtihani wa mwisho ukamilike, ukatumia zile siku ambazo walimu mnasahihisha na kujaza ripoti, watoto wakicheza mpira na kufyeka majani. Siku hizo hazina masomo wala hazina mwenyewe, na mimi huziona ni mali iliyotupwa. Nadhani hata mkuu wako anaweza kukubaliana nazo. Ila ziangalie kwa jicho la msimu: mtihani ukimalizika tu, wavulana wako wa karafuu wanarudi mashambani, na hao ndio uliowapata kwa shida kuliko wote. Ukingoja siku ya kufunga utawaaga wasichana na madawati matupu. Ikiwa hii ndiyo njia, labda ni siku ileile ya karatasi ya mwisho, kabla hawajatoka getini.

Au kuondoka kimya. Siidharau njia hii. Watu wengine huaga vibaya, wakaacha maumivu makubwa kuliko kimya. Lakini wewe umewasomesha kwa mwaka mzima kwamba kila anayeingia mlangoni anatajwa kwa jina. Kutoka bila neno kutawaambia nini juu ya mwaka huo? Hilo silijibu mimi.

Kumwambia Z. kwanza kuna uzuri wake na mtego wake. Ukimwambia siku nyingi kabla ya wenzake, umemtwisha siri, na wenzake wakijua watamuona kipenzi cha mwalimu, jina ambalo mwakani hatakuwa na wa kumkinga nalo. Ukimwambia pamoja na wote, atalipokea mbele ya watu, na mtoto wa namna yake hukauka uso halafu akaenda kuvunjika peke yake. Wengine huchukua njia ya katikati: jioni ya kuamkia siku ya tangazo, nyumbani, bibi akiwepo. Hapo anapata usiku mmoja wa kulilia kwao, na asubuhi anakuja akiwa anajua.

Hilo la kumchukua Unguja nimelisoma kwa heshima. Kwetu watoto kulelewa kwa jamaa na kwa majirani si jambo geni, na wengi tumekua hivyo. Lakini hukuandika popote kwamba Z. ametaka. Wala bibi. Wala mama, ambaye pesa anazotuma ndizo sauti yake nyingine. Mumeo naye hakugeuza mazungumzo bure. Nyumba mnayokwenda kuijenga upya baada ya miaka ya kuishi mbalimbali ina haki yake. Tena fikiria upande wa bibi: akiondoka huyu, nyumba inabaki na nani? Kuna na mambo ya kawaida tu ya skuli. Mwakani ni mwaka wa mtihani wa taifa, wanafunzi huandikishwa Baraza la Mitihani kupitia skuli zao, na kumng'oa mtoto mkimya kwenye darasa lenye M. kumpeleka kwenye darasa asilomjua mtu ni bahati nasibu. Mtoto si mzigo wa kupakiwa botini Mkoani, Pemba, ukashushwa Malindi, Unguja, ukiwa vilevile. Ikiwa baada ya kuyapima haya bado wazo linakurudia, basi liwe mazungumzo ya watu wote hao, mama yake akiwemo kwa simu, na Z. awe na ruhusa ya kusema hapana bila ya kukuvunjia adabu.

Namba ya simu je? Wapo walimu wanaotoa na wapo wanaokataa kabisa, na wote wana sababu. Kinachonitia wasiwasi ni ahadi pana. "Nipigie wakati wowote" ni neno zuri la kuagana, lakini wewe Januari utakuwa na skuli mpya, nyumba mpya na mume uliyemkosa. Atapiga, hutapokea, na kwa Z. simu isiyopokelewa ni habari anayoijua vizuri. Ukiamua kutoa, toa kidogo unachoweza kukilipa: siku fulani, kwa kitochi cha bibi, na bibi ajue. Na usisahau kwamba ipo sauti nyingine inayomngoja kwa jirani kila Ijumaa. Kumsindikiza mara moja akaisikilize moja tu, wewe ukiwa umekaa pembeni, huenda kukamfaa zaidi ya namba yako. Au akakataa. Akikataa, mwache.

Kuhusu darasa, hizo Alhamisi zako zinaweza kuendelea bila ya wewe zikianza kujiendesha ungali upo. Wanaokaa kijiji kimoja au wanaosoma chuo kimoja cha Kurani wapange wawili watatu, likizo wakutane japo mara moja kwa wiki, kila mmoja aseme lake moja. Waache wachaguane, uangalie tu nani amebaki bila mtu. Baadhi hawatakutana hata siku moja, nakwambia mapema. Mwalimu atakayelipokea darasa, ikiwa anajulikana, mlete mlangoni asubuhi moja asimame nawe, ayasikie majina. Skuli ikiwa na mwalimu wa unasihi, yaani ushauri nasaha, mpeleke Z. kwake kwa miguu yenu wawili, usimtumie karatasi. Yale aliyokuandikia usiyatoe kwa mtu bila ya ruhusa yake, isipokuwa hayo ya hatari niliyokwisha kuyataja. Na yale madaftari wakabidhi wenyewe.

Nilisema nitakugusa wewe. Mwanangu, kigelegele kile kilikuwa halali yako. Umelea mtoto na ndoa juu ya bahari kwa miaka, na kuungana na mumeo hakumuibii mtu kitu. Naona kama unatafuta njia ya kuondoka ambayo haitamuumiza yeyote, na kwa mtoto aliyekwisha kuachwa mara mbili sijui kama njia hiyo ipo. Itamuuma. Kuumwa kwa sababu mtu alikupenda akakuaga, na kuumwa kwa sababu mtu ametoweka, si maumivu ya aina moja, na hilo unaweza kulipima wewe unayemjua. Ukilia mbele ya darasa, lia, kisha endelea kusema ulichokusudia.

Kwa mwalimu mkuu usiende na ombi la jumla la kuruhusiwa kuaga. Nenda na siku uliyoichagua, kipindi utakachotumia, na maneno utakayosema, umeyaandika. Mkuu anayeogopa fujo hupunguza hofu akiona kitu kina mwanzo na mwisho. Kwa bibi nenda baada ya Alasiri, karafuu zikishaanuliwa na majamvi yakishakunjwa, utamkuta ana wasaa. Akikukaribisha kuchambua naye zilizochumwa siku hiyo, kubali. Mikono ikiwa na kazi, mazungumzo ya namna hii hayawi mazito sana.